Picha Zilizopigwa Pasi

Kwa miaka arobaini na mitatu Mzee Tulia hakuwahi kutoa picha mbaya, na sifa hiyo nusura imuue mtoto wa watu aliyekuwa hajazaliwa. Naandika habari zake kwa sababu tulikuwa majirani wa kazi, ukuta kwa ukuta, yeye na kamera yake, mimi na brashi zangu za kuandikia vibao vya maduka. Kazi zote mbili zimekufa. Tofauti ni kwamba yangu ilikufa ikazikwa, na yake ilikufa ikaajiriwa.

Jina la Tulia alipewa na wateja. Ukiingia studio yake ulikalishwa kwenye kigoda cha kuzunguka, ukageuzwa bega la kushoto, ukainuliwa kidevu kwa kidole kimoja, kisha yeye akajifunika kichwa kwa kitambaa cheusi nyuma ya kamera ya mbao, na kutoka humo ikaja sauti: tulia. Nawe ulitulia. Watoto watundu walitulia. Alitulia hata mwanasiasa mmoja ambaye hajatulia kabla wala baada ya siku ile.

Siku hizo picha ilikuwa na heshima yake. Mtu alioga kwa ajili ya picha. Familia ilishauriana wiki nzima nani akae na nani asimame, na siku ikifika waliingia wakinong'ona kama wanaoingia kumwona mgonjwa. Picha ilikuwa moja, ikatundikwa, ikatazamwa mpaka wenyewe wakafa. Leo mtu anatembea na picha elfu nne mfukoni na ukimuuliza shangazi yake anafananaje anakuna kichwa.

Kazi yake hasa ilianza mteja akishaondoka. Yeye aliiita kupiga pasi. Kwa penseli iliyochongwa kama sindano na brashi yenye nywele chache kuliko kope, aliondoa chunusi, kovu, uzi uliochomoza kwenye kola, kivuli cha njaa chini ya jicho. Bwana harusi mmoja alifika jicho limefumba kwa ngumi za mashemeji zake. Mzee Tulia alilifumbua kwa wino, na ndoa ile ipo mpaka leo. Hakuona kwamba ni uongo. Alisema kamera ni kifaa kisicho na adabu, kinaona kila kitu na hakijui cha kunyamazia, na kazi ya fundi ni kukilea. Uso ni kama shati, alikuwa akisema, hutoki nalo nje na mikunjo.

Simu zilipoingia, studio ilianza kukohoa. Alisalia na picha ndogo za vitambulisho. Akanunua kompyuta, akajifundisha mwenyewe akiwa na umri wa miaka sitini na minne, usiku na mchana, mpaka akaweza kupiga pasi kwa kubofya. Halafu ofisi zikaanza kuwapiga watu picha zenyewe, kwa kijikamera kilichofungwa mezani kama mbuzi, na toka siku hiyo raia wote wema wana nyuso za wahalifu kwenye vitambulisho vyao. Mzee Tulia aliniletea chake nikione. Alikuwa anafanana na mtu aliyekamatwa akitoka dirishani. Alifunga studio wiki nzima.

Basi upande wa pili wa ukuta wake, katika lililokuwa duka la vitambaa, daktari mmoja akafungua kliniki ya wajawazito. Palikuwa na viti vya plastiki vilivyounganishwa sita sita, feni iliyotikisa kichwa kama inayokataa, pazia la kijani, na nyuma ya pazia mashine ya ultrasaundi. Mashine ilitoa vipicha kwenye karatasi nyembamba kama risiti, navyo vilififia mtoto hajafika miezi mitatu. Daktari, mtu wa mawazo ya kisasa, akaona akina mama wapewe picha ya kumbukumbu, kubwa, ya karatasi inayong'aa, ndani ya fremu ya kadibodi yenye maua. Wakatoboa ukuta, wakapitisha waya, na picha zikawa zinatua kwenye kompyuta ya Mzee Tulia. Akauliza kama anaruhusiwa kuzipiga pasi. Daktari, asijue anaulizwa nini, akasema piga.

Alianza kwa kuondoa maandishi. Kisha tarakimu. Kisha vile vijisalaba vya kupimia ambavyo mashine huweka kichwani na pajani mwa mtoto, maana aliona ni aibu mtu kuzaliwa ameshawekwa alama kama gunia. Kisha akaondoa chengachenga za kijivu, na watoto wakaanza kutoka na videvu. Mwanamke aliyekuwa akiendesha mashine, ambaye sote tulimwita Dada wa Kipimo, mwenye miwani na asiye na muda wa porojo, alicheka siku ya kwanza. Alisema picha za kazi zinabaki kwenye mashine na kwenye ripoti. Hizi za Mzee ni za sebuleni, atie hata kofia akitaka.

Sifa zikaenea na akili zikapungua. Wajawazito wakaanza kuja kupimwa wamesuka nywele na kupaka poda, kana kwamba mashine itageuka kuwatazama wao. Baba mmoja alikuja na tai na kusimama wima pembeni ya kitanda, mkono kwenye bega la mkewe, mpaka Dada wa Kipimo alipomwambia kwamba hatatokea. Bibi mmoja aliomba pua ya mjukuu ipunguzwe, imetoka upande wa baba. Mwingine alitaka nakala nne ndogo zenye usuli wa bluu, mtoto akizaliwa asisumbuke na karatasi. Mzee Tulia alimtengenezea. Na wakati mwingine, akisikia kupitia ukutani kwamba mtoto anageukageuka na hapimiki, alisogeza mdomo kwenye lile tundu la waya na kusema, tulia. Naapa nilisikia zaidi ya mara moja Dada wa Kipimo akisema, haya, ametulia.

Hapo ndipo alipokuja mkwe wa mjane wa mwashi.

Mwashi mwenyewe alikuwa rafiki yetu, alikufa zamani. Alimwachia mjane nyumba aliyoijenga kwa mikono yake na mtoto mmoja wa kiume, dereva wa malori ya safari ndefu, ambaye alikuwa nyumbani siku nne kwa mwezi. Mkewe, binti wa miaka ishirini, alikuwa mshonaji wa sare za shule, na aliishi na mama mkwe. Mimba yake ilikuwa ya miezi mitano. Alilala kitandani, akapakwa ile jeli ya baridi, na Dada wa Kipimo akaanza: kichwa kizuri, moyo una vyumba vyake vyote, mgongo umenyooka. Akafika tumboni. Binti alisema baadaye kwamba alisikia feni peke yake kwa muda mrefu.

Dada wa Kipimo hakumficha. Alimwambia kwamba kitovu cha mtoto kiko mahali pake, lakini kando yake, upande wa kulia, ukuta wa tumbo umeacha tundu dogo, na utumbo umetoka nje, bila utando wa kuufunika, unaelea kwenye maji anamoogelea mtoto. Binti akauliza kama ni mshono uliofumuka.

“Ni mshono ambao haukufungwa tangu mwanzo,” akajibiwa. “Si kitu ulichokula wala ulichofanya. Kinafungika. Lakini lazima azaliwe mahali ambapo wa kukifunga anamsubiri mlangoni.”

Maana yake ilikuwa hospitali ya rufaa, mwendo wa kutwa nzima kwa gari, kwenye madaktari wa upasuaji wa watoto. Humo tumboni utumbo ule ulikuwa umesitirika kiasi. Ukitoka kwenye hewa ungekauka, ungepoa, ungeingia uchafu. Mtoto akizaliwa kwenye zahanati ya jirani, kisha watu waanze kutafuta gari, safari ingekuwa ya kumsindikiza. Binti akaambiwa arudi Alhamisi na mama mkwe, kwa kuwa dereva alikuwa safarini na mwenye kauli nyumbani alikuwa mjane. Kisha Dada wa Kipimo akachagua picha moja iliyoonyesha tumbo vizuri kuliko zote, akaipitisha kwenye waya, na kusema kupitia tundu la ukuta kwamba Mzee aitoe kubwa, ni ya kuwaonyesha wakubwa wa nyumbani.

Wakubwa wa nyumbani. Mzee Tulia hakuhitaji kuambiwa zaidi. Alivaa miwani yake mizito. Alifanya kazi saa nzima, na mimi nilikuwepo, nimeketi kwenye kigoda cha kuzunguka, maana vibao vya kuandika sikuwa navyo. Aliniita nione jinsi mashine ilivyochafua picha safari hii: pembeni ya tumbo la mtoto palikuwa na kitu kama uzi ulioanguka kutoka kwenye kibiringo, umejikunjakunja. Mimi nimejielimisha kwa kusoma vitabu vya kuokoteza na kwa hiyo najua kidogo cha kila kitu. Nilisema ni hitilafu ya umeme. Akaufuta uzi mkunjo kwa mkunjo, akachukua kipande cha weusi wa jirani akakiweka mahali pake, akalinyoosha tumbo likawa duara kama chungwa. Ilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya kwenye kompyuta. Tulipeana mikono.

Alhamisi mjane alifika na mkoba wake wa kanisani na uso wa mtu aliyekuja kubishana. Ukuta wetu ni mwembamba, kila kitu tulikisikia. Dada wa Kipimo alieleza yote taratibu, kisha akatoa picha kwenye bahasha bila kuitazama, akaielekeza kwao na kuweka ncha ya kalamu.

“Hapa, mama, kando ya kitovu, mnaona...”

Kalamu ikasimama. Mjane akavaa miwani yake. Akauliza wapi. Dada wa Kipimo akaigeuza picha, akaipeleka dirishani, akairudisha, akasema kwa sauti ndogo kwamba ulikuwepo.

“Mwanangu,” mjane akasema, “utumbo si paka. Hauingii na kutoka.”

Dada wa Kipimo akamwomba binti apande tena kitandani waone kwenye mashine yenyewe. Mjane akakataa. Mashine imeshasema, alisema, na maneno yake haya hapa yanang'aa. Kinachoongezwa sasa kinaongezwa na binadamu. Halafu akasema jambo lililokuwa chini ya mengine yote. Mumewe alipelekwa hospitali ile ya rufaa kwa ajili ya mguu, akaenda akitembea. Ilimpokea mwashi, ikamrudishia sanduku. Hatapeleka mtu mwingine huko kwa ajili ya kitu kisichoonekana. Akaiweka picha kwenye mkoba, akamshika mkwe wake mkono, wakaondoka. Wasiwasi wote wa Dada wa Kipimo ulibaki umesimama na kalamu mkononi.

Dakika mbili baadaye alikuwa studio. Hakupiga kelele. Alimshika Mzee Tulia mkono wa shati, akampeleka nyuma ya pazia la kijani na kumwonyesha kwenye kioo picha kama ilivyotoka. Mzee akatazama ule uzi.

“Mimi nilidhani ni uchafu,” akasema.

“Ni utumbo wake, Mzee. Umemfanyia mtoto upasuaji bila hata kunawa mikono.”

Nimemjua mtu huyu maisha yangu yote na sikuwahi kumwona anatafuta pa kukaa. Alikaa kwenye kitanda cha wajawazito, juu ya ile karatasi ya kutandika inayochakacha, na Dada wa Kipimo akamweleza kitakachotokea mtoto akizaliwa hapa.

Dawa ya kwanza aliyoifikiria ilikuwa nyepesi. Alichapisha picha ya kweli, bila kuigusa hata kwa pumzi, akaipeleka kwa mjane. Alirudi baada ya nusu saa akiwa bado nayo. Mjane alikuwa ameitundika ile safi sebuleni, na majirani walikuwa wameshaanza kuja kuitazama. Hii ya pili aliishika kwa ncha za vidole. Alimuuliza, Fundi, wamekuahidi nini hata umchafulie mjukuu wangu picha? Na ukifikiri, hakuwa mjinga. Kila mtu alijua kwamba Tulia anaweza kuondoa kitu na kuweka kitu. Picha safi ilikuja kwanza, chafu ikaja baadaye, kliniki iliposhindwa ubishi. Mwenye akili timamu angesema ipi imetengenezwa?

Daktari alikwenda mwenyewe, akaambiwa anawatafutia wateja rafiki zake wa mjini. Dereva alipigiwa simu, akajibu kutoka barabarani kwamba wamsikilize mama. Wiki zikapita, mimba ikafika miezi saba, ikapita. Yule binti ndiye aliyekuwa akimwamini Dada wa Kipimo, na alikuja studio siku moja na kifurushi cha vishati vya mtoto alivyovishona mwenyewe, vyote vya kufungwa ubavuni kwa kamba, visiguse kitovu. Alivipanga mezani kama ushahidi.

“Baba,” alimwambia Mzee Tulia, “naweza kutoroka nikajifungulie huko. Lakini nikitoroka, nitarudi nyumba gani na mtoto mwenye kidonda? Mwambie wewe. Mama anakuamini wewe.”

“Hapo ndipo penye tatizo,” Mzee akajibu.

Alipoondoka, Mzee Tulia aliniambia kwamba iko picha moja zaidi kwenye sebule ile. Nikajua anaisema ipi na nikamwambia asithubutu. Mjane hana kitu kingine duniani, nilisema. Naye akasema, nami sina shahidi mwingine.

Tulikwenda Jumamosi asubuhi. Chini ya mkono alikuwa na kopo la biskuti ambamo huweka filamu za zamani, kila moja kwenye bahasha yake yenye tarehe. Tuliketishwa kwenye viti vyenye vitambaa vya kufuma, mbele ya kabati la vioo lenye vikombe ambavyo havijawahi kunywewa. Ukutani, kando kwa kando, picha mbili: mjukuu na tumbo lake la chungwa, na harusi ya mjane. Katika hii ya pili bibi harusi amekaa, na nyuma yake mwashi amesimama, anatabasamu. Tabasamu lile lilijulikana mtaa mzima. Mjane aliwaonyesha wageni wote na kuwaambia, hivi ndivyo alivyofurahi kunipata. Waliomjua mwashi walitikisa kichwa, maana katika miaka yote ya kujenga nyumba za watu hakuna aliyewahi kuona meno yake. Walisema ni saruji. Walisema ni maisha.

Mkwe alileta maji akabaki amesimama mlangoni. Mzee Tulia hakuyagusa.

“Shemeji,” alisema, “mwashi hakucheka siku ile.”

Mjane akamtazama kama unavyomtazama mtu aliyekosea nyumba.

Akaeleza. Alimwambia mwashi atabasamu mara tatu. Mara ya tatu mwashi alijibu kwamba amekuja kuoa, hakuja kuchekesha. Akapigwa hivyo hivyo. Kisha Tulia alikaa na ile picha siku mbili na kuona kwamba haiwezi kutundikwa, kwamba bibi harusi anaonekana kama anayesindikizwa na askari, akachukua brashi akazipandisha pembe za mdomo, akaongeza mikunjo miwili kando ya macho, na meno manne. Akaipiga picha ile picha, na hiyo ndiyo aliyowapa. Akafungua kopo, akatoa filamu, na pamoja nayo nakala aliyoichapisha jana yake, akaziweka kwenye meza ndogo.

Mjane alichukua filamu kwanza akaiinua dirishani. Akachukua nakala. Alisimama mbele ya ukuta akiwa nayo mkononi, akaangalia mdomo huu, akaangalia mdomo ule. Mdomo wa kwenye nakala ulikuwa umefungwa kama mlango wa ghala. Nilihesabu misumari ya darini. Nilitamani mtu apige hodi.

Kisha akaishusha ile picha ya mjukuu.

“Na huyu?”

“Na huyu nilimfanya vilevile.”

“Kwa hiyo utumbo upo.”

“Upo, shemeji. Uko nje.”

Akaweka picha kifudifudi juu ya kabati la vikombe. Alimwambia mkwe wake, bila kugeuka, akafungashe nguo zake na vile vishati, na amwite yule wa miwani aseme wanaondoka lini. Kisha akamgeukia Mzee Tulia.

“Nawe toka kwangu, Fundi. Umeniulia mume mara ya pili.”

Tukatoka. Mzee Tulia alisahau kopo lake huko na hakurudi kulichukua.

Waliondoka mwezi mmoja kabla ya siku zake, kwa gari la daktari, mjane mbele, binti na Dada wa Kipimo nyuma. Huko walipangishwa kwenye bweni la akina mama wanaosubiri kujifungua. Mtoto alizaliwa wa kike, adhuhuri, mbele ya watu saba waliovaa kijani, na hata kabla hajamaliza kilio cha kwanza walishamtia ndani ya mfuko safi wa plastiki mpaka kifuani, utumbo usikauke wala kupoa. Kisha wakaufunika utumbo wenyewe kwa kifuko chake kinachoonyesha ndani, wakakitundika juu ya tumbo lake kama chujio, na kila siku madaktari wakakikaza kidogo, utumbo ukarudi nyumbani kwake taratibu. Siku ya sita ulikuwa umeingia wote, wakafunga tundu. Mjane alikaa pale kwenye kiti cha chuma siku zote hizo. Wauguzi walimpa nafasi kwa sababu alikuwa akiwahesabia wakikaza.

Baada ya hapo kilichosubiriwa kilikuwa kimoja tu: utumbo uamke ufanye kazi. Wiki mbili na siku kadhaa. Asubuhi moja simu ya kliniki ikalia, na daktari, mtu wa tai na shahada, akatoka mpaka kwenye viti vya plastiki akatangaza kwamba mjukuu wa mwashi amepata choo. Wajawazito kumi na wawili wakapiga makofi. Mmoja aliyekuwa amekuja siku hiyo kwa mara ya kwanza akauliza kama hapa kila mtoto hushangiliwa hivyo. Nyuma ya ukuta Mzee Tulia alikuwa ameweka sikio kwenye tundu la waya, na alipoliondoa lilikuwa na alama ya duara.

Kazi ya kupiga pasi alikuwa ameshaiacha. Picha zilipita kwake na vijisalaba vyake, tarakimu zake na chengachenga zake, na wateja wakalalamika kwamba mzee amechoka, watoto siku hizi wanatoka wabaya. Daktari akamwondoa, akanunua mashine ya kuchapisha inayojiendesha. Tundu la ukuta lilizibwa kwa saruji na mtu asiyejua kazi; mwashi angeona aibu.

Mjane alikuja studio miezi miwili na nusu baada ya kuzaliwa mtoto, pamoja na mkwe na mjukuu. Chini ya mkono alikuwa na kopo la biskuti na ile picha ya harusi ndani ya fremu yake. Aliiweka picha mezani mbele ya Mzee Tulia.

“Huyu anayecheka mchukue,” akasema. “Ni wako, umemzaa wewe. Mimi nitolee yule mwingine, wa ukubwa huu huu.”

Mzee alianza kuomba radhi. Akamkatiza kwa mkono.

“Miaka ishirini na tisa niliishi na mtu aliyenuna, na kila nikitazama ukutani namwona anacheka. Nikawa najiuliza, nimemfanya nini huyu mtu hata kicheko kikamwisha? Nilimpikia, nikampigia magoti, nikamshonea, hacheki. Nikazika mtu nikijua nimemharibu.” Akaketi kwenye kigoda cha kuzunguka, kikamgeuza kidogo. “Kumbe alikuja hivyo hivyo.”

Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, na mkwe wake akamtazama kwa hofu, kisha akacheka naye.

Halafu akasema kilichomleta. Anataka picha ya mjukuu, ya kamera ile ya mbao, tumbo wazi, kovu lionekane na kitovu kilivyovutwa upande. Asiguse kitu. Mzee Tulia alikuwa na filamu moja ya mwisho, imepitwa na wakati miaka kadhaa. Walimlaza mtoto kwenye kitambaa cheupe, kile kishati cha kamba kimefunguliwa. Mzee akajifunika kichwa kwa kitambaa chake cheusi, na kwa mara ya mwisho nikasikia ile sauti ikitoka humo ikisema, tulia.

Mtoto hakutulia. Picha ile ipo sebuleni kwa mjane, kando ya mwashi aliyefunga mdomo. Kovu linaonekana, limekaa kama mshono wa haraka. Mguu mmoja umetoka kama moshi, kwenye kitambaa kuna uzi umeanguka, na Mzee Tulia, aliyeuona kabla yetu sote, aliuacha.